Kwa vikundi vya ushonaji vya Nyamagana na Ilemela, Mwanza: acheni kujinadi kwa ujira mdogo

Wanangu,

Ile oda ya fulana 2,000 imewaponyoka. Mliahidi wiki tatu. Wiki ya nne mlikuwa na fulana 700, shingo zimepinda, mikono ina rangi yake na kiwiliwili kina yake. Mnunuzi kachukua mzigo wa Guangzhou, nanyi mmekaa barazani mnamlaumu Mchina. Kisha kwenye andiko la mkopo wa halmashauri mkaandika kwamba nguvu yenu ni "vibarua wa bei nafuu". Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Mmesikia kwamba mishahara ya China imepanda, kwa hiyo viwanda vinakuja Afrika. Nusu yake ni kweli. China iliingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na mfumo wa kuziwekea nchi ukomo wa kiasi cha nguo za kuuza nje ulipofutwa Januari 2005, oda za dunia zilimiminikia kwake. Mishahara ilipopanda, viwanda vingi vya nguo vilihama. Vikaenda Vietnam, Bangladesh na Kambodia. Fundi wa Vietnam analipwa zaidi yenu kwa mbali, na oda bado anapata yeye.

Njia mnayoitaka imeshajaribiwa. Eneo la viwanda la Hawassa, Ethiopia, lilifunguliwa 2016, mshahara wa kuanzia ukiwa kama dola 26 kwa mwezi. Watu wakawa wanaacha kazi mfululizo, kila mmoja akiondoka na ujuzi aliogharamiwa. Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia kwenye AGOA, ile sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wakati fulana ya pamba isiyo na msamaha ushuru wake wa kawaida kule ni asilimia 16.5. Ujira wa dola 26 ungefidia nini hapo?

Sasa chukueni karatasi. Tuseme fulana moja inahitaji dakika 8 za kushona kwa fundi aliyezoea. Mafundi 20, kila mmoja dakika 480 kwa siku, mna dakika 9,600. Ufanisi ukiwa kamili ni fulana 1,200, na hakuna anayefika huko. Kikundi cha asilimia 30 kinatoa fulana 360. Kila fundi akilipwa shilingi 10,000, fulana moja imebeba kama shilingi 556 za ushonaji. Mwenye kiwanda anayemlipa fundi 20,000, mara mbili yenu, akifikia asilimia 75 anatoa fulana 900, na ushonaji wake ni shilingi 444. Anayelipa zaidi ndiye mwenye fulana rahisi! Na kodi ya chumba, umeme na mlinzi yeye anavigawa kwa 900, ninyi kwa 360. Rudieni hesabu hii mpaka iwaingie.

Dakika zenu zinapotelea kwenye mambo yanayoonekana kwa macho. Kitambaa cha fulana kinavutika, kwa hiyo kinataka sindano ya ncha butu, namba 75. Ninyi mmefunga ile kali ya kushonea vitenge. Inakata nyuzi, tundu halionekani mezani, linafunguka baada ya kufua. Badilisheni sindano kila siku ya kazi. Haifikii bei ya fulana moja iliyorudishwa.

Jora likifunguliwa, litandazwe bila kuvutwa, lipumzike saa 24 kabla ya mkasi. Mkikata siku ileile kitambaa kinajirudi, na saizi ya M inakuwa S. Majora mawili hata ya kiwanda kimoja huweza kutofautiana rangi, hivyo kila rundo la vipande libebe namba ya jora lake. Ile mikono ya rangi nyingine ilitoka hapo, si kwenye husuda ya jirani.

Halafu shingo. Ribu, ule utepe unaovutika wa shingoni, ikatwe kama asilimia 85 ya mzunguko wa shingo, igawanywe robo nne kwa alama, ivutwe sawasawa robo kwa robo. Ikivutwa upande mmoja, inapinda. Hatua hii ndiyo inayokwamisha wengine: wa ovaloki ya mabega amemaliza, anachezea simu akimngoja wa shingo. Hiyo simu itumieni kupima muda wa kila hatua mara kumi, mchukue wastani, na hatua iliyo ndefu kuliko zote iongezewe mashine na fundi.

Mengine kwa haraka: sampuli isainiwe na mnunuzi kabla ya kukata, malipo ya awali yatoshe kitambaa, umeme ukikatika watu wakague na kukunja, mlango wa pili usipigwe kufuli, moto ukizuka watu watoke.

Aliyesema roboti zitamaliza kazi hii, amwangalie Adidas. Alijenga viwanda vya viatu vya mashine huko Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, Marekani. Novemba 2019 akatangaza kuvifunga na kupeleka teknolojia ile kwa wazalishaji wake wa Asia. Hata mashine hufuata walipo wauza malighafi.

Na malighafi sisi tunayo, ndiyo inayoniuma. Pamba ya Kwimba, Magu na Simiyu, kilo 100 zikichambuliwa hutoa kilo 35 hadi 40 za nyuzi, na marobota mengi yanapelekwa nje vilevile. Nguo inarudi kwa meli. Mzigo wa shilingi 100 ukitozwa ushuru wa juu wa Afrika Mashariki, 35, na VAT ya asilimia 18 juu ya 135, unafika shilingi 159 kabla ya lori la Dar es Salaam hadi Mwanza. Anayelipa yote hayo akawapiku, amewapiku kwa dakika. Asiyelipa, aliyepunguza thamani kwenye makaratasi, huyo ni kazi ya forodha, na forodha waifanye. Viongozi nao wanaohubiri viwanda jukwaani huku madai ya mafundi yakilala ofisini kwao miezi, walipe kwanza.

Marekani iacheni kwa sasa. Sare za shule zinatakiwa Januari, hapahapa. Kitambaa kiwe stoo Septemba, sampuli isainiwe na mwalimu mkuu mapema Oktoba, ukataji uanze wiki inayofuata, na mwisho wa Novemba mzigo uwe umekaguliwa, umefungwa kwa saizi, unamsubiri mzazi.

Mzee wenu,
Nyakato