Ericka Huggins si mjane tu
Mhariri,

Wakitajwa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi cha kupigania haki zao, husikika majina ya wanaume, na Ericka Huggins huletwa kama mjane wa John, aliyepigwa risasi chuoni UCLA, Los Angeles, Januari 1969. Haitoshi. Mei mwaka huohuo alikamatwa huko Connecticut, akakaa mahabusu miaka miwili, mwanawe bado mchanga, hadi mashtaka yalipofutwa 1971. Aliandika mashairi humohumo gerezani. Mwaka 1975 mashairi yake yalitoka katika kitabu kimoja na ya Huey Newton, mmoja wa waanzilishi wa chama (kisha jina linalokumbukwa ni la nani?). Aliongoza shule ya chama kule Oakland hadi 1981, na baadaye akarudi magerezani kufundisha wafungwa kutuliza nafsi. Kurasa zenu za fasihi zimtafutie nafasi, tena kama mshairi.

Msomaji wenu,
Morogoro