Somo yangu, anza na jina

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na watoto. Huku hatujambo, ila mvua imetushika wiki nzima. Ama baada ya salamu, swali lako nimelisoma mara tatu: unataka seva yako mwenyewe ya barua pepe, yaani kompyuta inayowaka muda wote kupokea na kutuma barua, kwa ajili ya nyumba ya wageni, uache kutegemea kampuni za mbali. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa.

Unakumbuka nilivyofungiwa akaunti mwaka 2021. Nilikuwa nimebadilisha simu. Naingiza nywila, ni sahihi kabisa, mfumo unaniambia hauna uhakika kama mimi ndiye mimi. Namba waliyokuwa nayo ni ya laini iliyokwisha kufungwa. Ofisi ya kwenda kubisha hodi haipo, mtu wa kumpigia hayupo. Ipo fomu tu, ukiijaza inajijibu yenyewe. Na mle ndani mlikuwa na barua za baba za miaka tisa, alizokuwa akiniandikia kutoka Maskati. Baba aliandika barua pepe kama anavyoandika karatasi: anasalimia kila mtu wa nyumbani kwa jina, hata paka, kisha "ama baada ya salamu", ndipo habari zifuate. Sasa ni marehemu, na barua zile sijazipata hadi leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni ununue domeni, yaani jina lako la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani, na usiguse seva kabla yake. Anwani inayoishia kwa jina lako ni yako. Leo unaweza kupanga sanduku la barua kwa kampuni fulani. Kesho wakikuudhi, unabadilisha rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua za jina lako zipelekwe seva gani, barua zinaanza kuingia kwingine, na wageni wako wanaendelea kuandika pale pale walipozoea. Chukua inayoishia .co.tz, ya biashara za Tanzania, na iandikishwe kwa jina lako wewe, kwa anwani yako wewe. Hilo lisimamie mwenyewe. Nimeona zaidi ya biashara moja ikinyang'anywa jina kwa kuwa fundi wa tovuti aliliandikisha kwa jina lake, kisha wakagombana.

Seva yenyewe haina siri. Programu ni za bure na zimekomaa: Postfix ya Wietse Venema ya kupokea na kutuma, Dovecot ya Timo Sirainen ya kukuwezesha kusoma barua kwenye simu. SMTP, lugha ambayo seva husemezana kwayo, iliandikwa mwaka 1982 na msingi wake bado ndio huo huo. Kupokea barua ni rahisi. Taabu iko kwenye kutuma, maana huko unapokwenda hawakujui.

Kuiweka nyumbani haifai: kwenye intaneti zetu za majumbani mara nyingi watu wengi hutumia anwani moja ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, na poti 25, mlango ambao seva hupitishia barua, imefungwa. Mimi nimepanga seva ndogo Dar, yenye IP yake. Kisha ukajieleze: IP ikiulizwa ijibu jina lako, kisha kuna rekodi tatu za kuweka kwenye domeni: SPF itaje seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM iwe na ufunguo wa kuhakiki saini inayotiwa kila barua, DMARC iseme barua isiyothibitika ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, asiye na hata SPF wala DKIM anakataliwa.

Yote hayo niliyafanya. Usiku wa kwanza nikamwandikia dada Mombasa, macho kwenye logi, kumbukumbu ya kila inachofanya seva. Ukaja mstari wenye 250, maana yake wamepokea. Nilifurahi mno, nikampigia. Akaniambia, "Ninayo, lakini iko kwenye spamu, kule kwa barua taka." Kumbe aliyeitumia IP ile kabla yangu alikuwa mtu wa barua taka, na deni lake likaniangukia mimi. Nikaomba IP nyingine, nikaanza upya, wiki tatu za kuandikia ndugu na kuwasihi wazitoe barua zangu kwenye spamu.

Lakini sikuacha, na sijutii. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, unakumbuka intaneti ilivyokuwa taabu. Barua zangu na wenzangu wenye seva Dar ziliendelea kwenda na kurudi, hazikuwa na sababu ya kuvuka bahari. Za kutoka nje zilichelewa tu. Seva ikishindwa kufikisha haitupi barua, inajaribu tena na tena. Postfix isipobadilishwa huvumilia siku tano. Zilipoanza kuingia, zilimiminika usiku kucha.

Sasa wewe. Mgeni akikuandikia kuomba chumba na jibu lako likaangukia kwenye spamu, amelala kwa jirani. Ndiyo maana sitaki uanze na seva peke yako. Nunua domeni, lipia sanduku kwa kampuni ndogo inayokubali domeni yako, na kila wiki ushushe nakala ya barua zote kwenye diski iliyo kabatini kwako. Hapo hakuna wa kukufungia nje ya mambo yako mwenyewe. Seva tutaiweka pamoja, kwa barua za familia kwanza, tuizoee mwaka mzima: kuna kusasisha programu, kuna cheti cha usalama cha kuhuisha kila baada ya muda mfupi, kuna watu wanaobahatisha nywila usiku na mchana. Ikitulia, ndipo tuhamishe na za nyumba ya wageni.

Nitavuka na boti baada ya Idi, niwekee siku mbili. Jina ulilonitajia nililiangalia jana, lilikuwa bado halijachukuliwa. Liandikishe wiki hii.

Wasalimie watoto wote.

Somo yako