Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zimechelewa kama ilivyo desturi yetu, darasa la Kiswahili la watoto wa Jumamosi halikufungwa hata wiki moja, na misiba miwili iliyotufika tuliisimamia hadi maiti zikazikwa nyumbani. Muda uliobaki nautumia kwa jambo lililotugawa mwaka huu: ziara yetu ya Cable Street, mtaa wa mashariki mwa London ambako mwaka 1936 wananchi waliwazuia mafashisti wasipite.

Kamati ilipoleta wazo la kujifunza historia ya mashariki mwa London, tunakoishi wengi wetu, baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza: chuki dhidi ya Wayahudi ya mwaka 1936 inatuhusu nini sisi watu wa Tanga, Mombasa na Bujumbura? Katibu alitaka kujibu kwa kuandika kwenye tangazo "mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Nilimkatalia. Methali hiyo inamwambia mtu aangalie kichwa chake, na waliojaa Cable Street siku ile wengi wao hawakuwa wakinyolewa.

Kwa faida ya waliokosa: Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, alipanga Jumapili ya tarehe 4 Oktoba 1936 kuwapitisha wafuasi wake, Mashati Meusi, wapatao elfu mbili hadi tatu, katika mitaa ya mafundi cherehani na wenye maduka wa Kiyahudi. Karibu watu 100,000 walitia saini kuiomba serikali iyazuie maandamano hayo. Serikali ikakataa, ikatoa polisi zaidi ya 6,000 wa kuyalinda. Wakubwa wa jumuiya ya Kiyahudi wakawasihi watu wao wakae ndani. Hawakukaa.

Hapa niombe radhi. Tangazo letu lilisema Mashati Meusi walipigwa Cable Street. Sivyo. Wao walikuwa wamejipanga Royal Mint Street, mtaa wa jirani, wakingoja kufunguliwa njia. Waliopambana na wananchi ni polisi. Pale Gardiner's Corner, njia panda ya Aldgate, dereva mmoja aliiacha tramu yake katikati ya njia, akashuka, akaenda zake. Cable Street kwenyewe lori lilipinduliwa likawa kizuizi, gololi zikamwagwa chini ya kwato za farasi, na akina mama wakawa madirishani wakiwamiminia askari takataka na vyungu vya mikojo. Mwishowe mkuu wa polisi, Philip Game, alimwamuru Mosley ageuze, naye akageuza.

Kilichonikalia moyoni ni habari ya makuli. Wengi wa makuli wa bandari ya London walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland, na Mosley alitegemea wawe wake. Lakini mwaka 1912 makuli walipogoma hadi majiko yakapoa, familia za mafundi cherehani wa Kiyahudi, ambao nao walikuwa wametoka kwenye mgomo wao, zilichukua mamia ya watoto wa makuli zikawalisha. Miaka 24 ikapita. Siku ya Mosley makuli wakafika Cable Street na kusimama upande wa Wayahudi.

Isidhaniwe mambo yaliishia hapo. Wiki moja baadaye vijana walipita Mile End Road wakivunja vioo vya maduka ya Wayahudi. Sheria iliyopiga marufuku sare za kisiasa ilianza kazi Januari 1937, na bado mwezi Machi mafashisti walipata takriban asilimia 23 ya kura za Bethnal Green, mtaa wa jirani, katika uchaguzi wa baraza la London, ingawa hawakupata kiti. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumba kwa nyumba. Phil Piratin, Myahudi na mkomunisti, alisimulia jinsi wapangaji wa Paragon Mansions walivyowazuia madalali wa mahakama wasizitoe nje familia zilizodaiwa kodi. Familia hizo zilikuwa na kadi za chama cha Mosley. Majirani waliwatetea hivyohivyo, na kadi zikachanwa. Binafsi nalipenda tukio hili kuliko lile la gololi.

Sasa lile swali, linatuhusu nini. Februari 1968 Bunge la Uingereza liliharakisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza. Mzee wetu mmoja, Mgujarati wa Nairobi, ambaye Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu, aliingia siku chache kabla. Aprili mwaka huohuo mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, na makuli wa London, wa bandari zilezile, wakaandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Mzee aliyaona kwa macho yake. Tulipofika kwenye mchoro mkubwa wa ukutani unaokumbuka mwaka 1936, sisi tulipiga picha. Yeye alisimama kando.

Lakini yeye ndiye aliyetukumbusha Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha huko Dollis Hill, kaskazini-magharibi mwa London, alikogoma mwaka 1976 Jayaben Desai, mama aliyewahi kuishi Tanzania, pamoja na wenzake, wengi wao Waasia wa Afrika Mashariki. Mwaka 1977 makuli wa London walikwenda na bendera yao kusimama na akina mama wale wa sari. Mgomo ulishindwa mwaka 1978. "Walikuja," mzee alisema, "lakini ilibidi waitwe."

Kamati inaomba idhini yenu kwa ziara ya pili, Dollis Hill, na mzee amekubali kutuongoza. Tutaondoka saa nne kamili asubuhi. Safari iliyopita msafara uliondoka Aldgate ukawaacha watu watatu, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wenu.