Hizo maksi nane zimeenda wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wazazi wenzangu, na walimu pia.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Juzi napanga vitabu vyake, nikakuta kaunta buku la Hisabati limekonda kama kitabu cha risiti. Kurasa zimechanwa. "Nilikosea mstari mmoja mama, nikaona ukurasa wote umechafuka." Anachana, anaanza upya. Taa inawaka hadi saa saba usiku, nami najisifu kwa majirani kwamba mtoto anasoma!

Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, karatasi haichanwi. Swali la pili, la maksi sita tu, alilifuta na kulirudia mpaka saa nzima ikakatika, viganja vimelowa jasho. Maswali mawili ya sehemu B, ya maksi kumi kumi, hakuyagusa. Jioni alinifanyia yote mezani, analia huku anapata.

Hapo nikajikumbuka. Kidato cha pili aliniletea 92, nikamuuliza, "Hizo nane zimeenda wapi?" Nilidhani namtia moyo. Leo Fizikia ana mwezi hajaifungua, mwalimu anamwita mvivu. Mimi naona amepiga hesabu yake: asiyejaribu hakosi. Mdogo wake wa darasa la sita akikosa anacheka, kisha anataka kujua jibu. Huyu mkubwa anataka kujua nani ameona.

Baraza la Mitihani lenyewe halidai mia. A ya kidato cha nne inaanzia 75. Tena Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato hicho, liliacha kutaja shule bora na watahiniwa bora. Lakini shuleni kwa binti yangu orodha bado inabandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, na aliyeshuka nafasi anasimamishwa mstarini wenzake wamwone. Naomba orodha hiyo ibanduliwe, kila mtoto apewe matokeo yake mkononi. Na huyo aliyeshuka, mwalimu amwite pembeni amuulize alikwama wapi.

Kwa upande wangu nimemnunulia kaunta buku jipya. Tumekubaliana: ukikosea, piga mstari mmoja juu yake, endelea. Wiki ya kwanza alichana kurasa nne. Wiki hii ukurasa mmoja, na aliniambia mwenyewe.

Mama mzazi,
Kihonda, Morogoro