Kuhusu zile sindano za Kichina ulizoniuliza

Shoga angu Mama Nasra,

Salaam nyingi toka Dar, huku wote wazima, joto tu ndo linatusumbua. Meseji yako nimeiona asubuhi na nilivyoona umeituma saa nane usiku nikajua hapo kipandauso kimekuamsha tena. Pole sana mwenzangu, roho imeniuma. Umeuliza kama zile sindano nilizochomwa kiuno zinauma, kama zinasaidia na kichwa, na kama umpeleke bi mkubwa kwa ajili ya sukari yake. Yote ntakujibu ila univumilie, ndo maana nimeamua kuandika manake kwenye simu watoto wako hawatuachi tukamaliza hata neno.

Kiuno changu unakijua, miaka 18 kwenye cherehani si mchezo. Ilifika mahali nikitaka kuinuka lazima nishike meza kwanza, nivute pumzi, ndo nisimame. Hospitali nilipigwa picha wakasema hakuna kitu kibaya cha kutisha, wakanipa vidonge vya maumivu na mazoezi, mazoezi nikafanya mara moja moja (uongo dhambi) na vidonge vikaanza kunichoma tumbo. Mdogo wangu yule nesi ndo akaniambia dada jaribu akupancha, ndo hizi sindano za Kichina. Madaktari wa Kichina mimi siwaogopi, sisi wa Unguja tuko nao toka 1964 pale Mnazi Mmoja, lakini kujilaza nichomwe sindano 12 kwa mkupuo hiyo sikuwahi kuiwaza.

Basi siku ya kwanza yule daktari mama hakunigusa na sindano karibu nusu saa nzima. Kaniuliza maswali mpaka nikashangaa, nalala vipi, choo kikoje, hedhi ikoje, maumivu yanazidi asubuhi au jioni, natumia dawa gani. Akasema toa ulimi, akauangalia, akanishika mapigo mkono wa kulia kisha wa kushoto kwa vidole vitatu, katulia kama anasikiliza kitu. Halafu ndo nikalala kifudifudi, kanga nimejifunga, mgongo wazi. Akachukua kipakti cha karatasi akakichana mbele yangu. Mama Nasra, ile sindano usiifikirie ya hospitali! Ni nyembamba kama unywele mnene, haina tundu, haina dawa ndani, ni chuma kitupu, inakaa ndani ya kimrija kidogo cha plastiki. Anakiweka kimrija kwenye ngozi, anagonga kwa kidole, tap, imeshaingia, unasikia kama mbu mwoga. Mi nlikuwa nimekaza meno nasubiri maumivu, kumbe ameshaweka tatu.

Kinachokuja baadae ndo kigeni. Akishaingiza anaizungusha kidogo kidogo, hapo unasikia uzito, kama ganzi, kama mtu amekubonyeza kwa ndani kabisa, mi ilinishuka mpaka nyuma ya goti. Wachina wanaita deqi na yule mama alikuwa anauliza kila sindano, umesikia? umesikia? Ukisikia mchomo mkali kama shoti ya umeme sema hapohapo aisogeze, usione haya. Basi zikaachwa kama dakika 25, taa nyekundu ya joto ikanimulika kiunoni, na mimi mwoga namba moja nikapitiwa na usingizi mpaka nikakoroma. Kuzitoa husikii kitu, tone moja la damu pengine, na kesho yake nlikuta kijialama cha kijani sehemu moja tu.

Kosa langu siku hiyo nilienda sijala kitu toka asubuhi. Nilivyoinuka macho yakafanya giza, nikarudishwa kitandani miguu juu na chai ya sukari. We nenda umekula kidogo, wala usinyanyuke kwa haraka.

Mara ya kwanza sikuona tofauti yoyote zaidi ya kulala vizuri usiku. Mara ya pili hivyohivyo, nikaanza kuihesabia ile elfu 40 yangu niliyolipa. Baada ya ya nne ndo siku moja nimeinuka kwenye cherehani kwenda kufungua mlango, nimefika mlangoni ndo nakumbuka, mbona sikushika meza? Nlilia pale mlangoni mteja akanishangaa. Nilimaliza mara nane na yale mazoezi sasa nayafanya kweli. Kupona kabisa sijapona, kiuno nikikaa masaa mengi bado kinanikumbusha, ila vidonge sasa nameza mara moja moja sana.

Sasa nikwambie na hili kwa sababu sitaki uende kwa maneno yangu matupu. Mdogo wangu alinieleza Ujerumani waliwahi kupima watu 1,162 wenye kiuno kama changu, majibu yakatoka 2007. Wengine walichomwa sehemu zenyewe za Kichina, wengine wakachomwa juujuu tu sehemu zisizo zenyewe bila kujua, wengine wakapewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu kwenye sindano za kweli walikuwa asilimia 47.6, za uongo 44.2, na wa dawa 27.4. Umeona hapo? Sindano zilisaidia karibu mara mbili ya dawa lakini hata zile za uongo nazo zilisaidia karibu sawasawa. Kwa hiyo mambo ya mishipa ya nguvu inayopita mwilini wanayosema Wachina mi sitakuapia, ila watu wengi wanapata nafuu na mimi ni mmoja wao, na ndo maana ukiambiwa kuna sehemu moja ya siri anayoijua yeye peke yake kwa bei mara tatu usikubali.

Kwa kichwa chako ndo nina matumaini kabisa. Uingereza muongozo wao wa matibabu unasema mtu wa kipandauso ambaye propranolol na topiramate, vile vidonge vya kukizuia kisije, hazimfai au hazijamsaidia, afikiriwe kupewa akupancha mpaka mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Nilivyosoma nikasema huyu si Mama Nasra huyu! Propranolol ulikatazwa kwa ajili ya pumu yako, topiramate ikakutia ganzi vidoleni na kusahau maneno mpaka ukaiacha. Kwako pengine watachoma nyuma ya shingo chini ya fuvu, kati ya kidole gumba na cha shahada, na mguuni kati ya kidole kikubwa na kinachofuata, usishangae kichwa kinauma unachomwa mguu. Lengo ni vile vishindo vije mara chache na kwa unyonge, kwa hiyo anza leo kuandika kwenye kalenda siku zote zinazokuuma, la sivyo utajuaje kama kuna mabadiliko? Na ukihisi unaweza kuwa na mimba waambie kabla, kuna sehemu huwa hawachomi.

Kitu kingine, kipakti kichanwe mbele ya macho yako. Sindano ni ya mtu mmoja mara moja halafu inatupwa kwenye lile boksi la njano, ukiona zinatoka kwenye kikopo cha spiriti, vaa viatu uondoke, homa ya ini na ukimwi hazina msamaha. Pia ikitokea wamekuchoma mabegani kwa juu au kifuani halafu ukabanwa pumzi au kifua kikachoma, hata ikiwa jioni yake, kimbia hospitali. Ni nadra sana lakini sindano ikizama inaweza kutoboa pafu, na we mwenye pumu utadhani ni pumu tu ukae unavuta pampu.

Bi mkubwa kwa sukari hapana shoga angu. Naomba unisikilize. Sindano hizi haziondoi sukari, haziondoi presha. Kuna sehemu moja walimwambia mjomba wangu aache vidonge vya presha eti mwili "utajirekebisha", akaviacha, wiki ya tatu tumemkimbiza usiku presha 210 na mdomo umeenda upande, mpaka leo kikombe anashika kwa mkono wa kushoto. Hasira hiyo bado ninayo. Bi mkubwa aendelee na dawa zake na kliniki yake kama kawaida. Tena ile miguu yake ina ganzi, taa ya joto au yale majani wanayochoma karibu na ngozi, yana harufu kama pakanga, yanaweza kumuunguza asisikie, na kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari unakijua wewe ulivyomuuguza baba. Akitaka kwa ajili ya goti tu muulizeni daktari wake kwanza, na kama anameza dawa za kulainisha damu nazo wazitaje.

Vikombe pia wanavyo, ambavyo kwetu ni kuumika tu, bibi alitumia pembe. Hiyo itakuachia mabaka mekundu mgongoni kama wiki, baba Nasra asije akashtuka.

Sasa fanya hivi, panda basi la asubuhi Alhamisi ya wiki ijayo, ushuke stendi ya Magufuli ntakuja kukupokea mwenyewe. Ijumaa tutaenda wote, ntakaa hapohapo pembeni ya kitanda. Chukua kanga mbili, pampu yako, karatasi za hospitali na hiyo kalenda. Na safari hii usininunulie machungwa mengi, yale ya mwisho yalituozea.

Wako akupendaye,
Mama Rahma