Wanafunzi si waamuzi wa wapiga ramli

Mhariri,

Nimemaliza kusahihisha rundo la insha zinazolinganisha riwaya za distopia, yaani zinazobuni jamii ya kutisha, na karibu zote zimetua palepale: George Orwell alipatia, maana kamera zimejaa kila kona, Aldous Huxley naye alipatia, maana watu wamelewa starehe. Siwalaumu. Swali lenyewe liliwataka waseme ni yupi aliyetabiri vyema, kana kwamba waandishi hawa walikuwa wapiga ramli.

Ubishi huo ni wa zamani. Mwaka 1949, Nineteen Eighty-Four ya Orwell ilipokuwa ndiyo kwanza imetoka, Huxley alimwandikia Orwell kwamba watawala wajao wataona kumlea mtu tangu utotoni apende utumwa wake kunalipa kuliko virungu na jela. Barua tamu, lakini alikuwa anatetea kitabu chake.

Mimi ningeuliza jambo dogo zaidi: kitabu kinatendwa nini ndani ya kila riwaya? Kwa Orwell, habari za jana zinaandikwa upya; Winston, mhusika mkuu, analipwa kwa kazi hiyo, kisha anarudi nyumbani kuficha shajara. Katika Brave New World (1932) ya Huxley, watoto wachanga wanatambaa kufuata vitabu na maua, wanapigwa kelele na shoti ya umeme, wanakua wakivichukia. Nani apige marufuku kitu ambacho hakuna anayekitaka? Ray Bradbury, katika Fahrenheit 451 (1953), ndiye mwenye moto. Ila wanafunzi humsahau Kapteni Beatty, mkuu wa kikosi cha wachomaji vitabu, anayeeleza kwamba watu waliacha kusoma wenyewe kwanza, wachomaji wakafuata.

Tena sioni kwa nini orodha ikomee kwa hao. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ina nchi inayoelea angani na Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anapewa siku sita za kujitetea, anazitumia kusimulia habari za wajumbe waliorudi na maarifa wakatupwa gerezani, na hatimaye mfalme anasikia. Mweke kando ya Winston, ambaye ndani ya Chumba 101, chumba cha mateso, kilio chake ni kwamba adhabu apewe mpenzi wake Julia, si yeye. Kwa nini mwandishi mmoja aliamini kwamba mtawala anaweza kushindwa kwa hoja, na mwenzake, miaka miwili tu kabla, akaona maneno ndiyo yanayouawa kwanza? Hapo pana insha.

Halafu kuna kile kiambatisho cha Orwell kuhusu Newspeak, lugha ambayo watawala katika riwaya yake waliibuni ili kubana fikra, kiambatisho ambacho wengi hukiruka. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kama habari ya lugha iliyokwisha kufa. Safari hii mwanafunzi mmoja tu alikigusa. Aliuliza: basi anayesimulia haya ni nani, na anaishi lini? Nilimpa alama zote, ingawa mwongozo wa kusahihishia haukuwa na nafasi ya swali hilo.

Mwalimu wa fasihi