Njoo tutembee, lakini njoo peke yako

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu kipenzi,

Assalaamu alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillah, joto tu ndilo linalotutesa. Ujumbe wako nimeupata, nikaucheka peke yangu jikoni hata mama akauliza kulikoni. Eti mtu mzima anatoka kwao, anazunguka, anarudi alikotoka, raha yake nini? Na baada ya kunikejeli hivyo unataka uje na wenzako wote wa kazini niwatembeze! Haya, nikujibu.

Raha ipo, tena kubwa, ila si ya kugawana na kila mtu. Kwangu mimi matembezi ni ya wawili. Wakizidi hapo yanakuwa mazoezi, na mazoezi yana siku yake: Januari mosi vikundi vinajaa barabarani na sare zao za kila rangi, wimbo juu, vumbi juu. Nakwenda na mimi, napenda. Lakini pale huzungumzi na mtu, unafuata mgongo wa aliye mbele yako.

Sasa tazama matembezi yetu sisi. Tukishaswali Alasiri, jua likipoa, mimi na mdogo wangu tunashika njia ya Sokomuhogo. Vichochoro vya huku unavijua, wawili wakienda sambamba wa tatu hana pa kupita. Ikilia vespa nyuma, kila mmoja anajibana ukutani upande wake, maneno yamekatika katikati, inapita na moshi wake, tunarudi palepale: "Ehe, kisha akasemaje?" Habari ya posa yake nimeipata njiani humo, kwa kinywa chake mwenyewe, na sisi tunalala chumba kimoja! Ndani alikuwa hasemi. Sijui ni kwa kuwa mkitembea hamtazamani usoni, au ni kwa kuwa mama hayupo karibu.

Jaws Corner hatupiti mbio. Wazee wako barazani na vikombe vyao vya kahawa, siasa imepamba moto, na ukipita kimya bila ya salamu, Isha haifiki mamako ameshaambiwa. Anayetaka kutoka jasho asije njia hii. Halafu tunateremka mpaka Beit el Ajaib, ile nyumba ya kale ya sultani, ambayo inaniuma kila nikiiona tangu ilipoporomoka upande mmoja na mnara wake wa saa, Disemba 2020. Jengo la 1883 lile! Hapo ndipo tunapoanza kubishana. Yeye anataka irudi vilevile ilivyokuwa, mimi nasema ingeachwa na kovu lake watu walione, na ubishi huo unatufikisha Forodhani bila ya kujijua. Tunakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, tunawatazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, adhana ya Magharibi inatukuta tumo njiani kurudi.

Na wewe usijifanye hujui, maana uliyenionjesha mambo haya ni wewe. Umesahau huko kwenu Pemba ulivyonitoa Konde kwa miguu twende msitu wa Ngezi? Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa kando ya barabara, harufu mpaka kwenye nguo. Yule bibi aliyekuwa akichambua makonyo akatuuliza, "Wanangu, mmekosa gari?" Tukamwambia twatembea tu. Alicheka mpaka akaacha kazi, kisha akatupa machungwa. Tulipoingia kwenye kivuli cha ile miti mikubwa ukaanza kunisimulia habari za marehemu baba yako, alivyokuwa akikubeba mabegani kwenda shamba. Tumekaa kwenu siku ngapi, na hujawahi kunihadithia. Wangekuwepo wenzako wa kazini siku ile ungefungua mdomo?

Kwa hiyo wao waambie nitawakaribisha urojo, tukae, tucheke, tupige na picha. Wewe pata boti, njoo kabla yao. Vaa raba, vile viatu vyako vya kisigino acha Wete. Na haluwa usisahau, mama ameshaanza kuiulizia.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, shoga yako wa Mkunazini